Fedha za Bima Zilizokatwa Zisipofika: Haki za Mwenye Nyumba ya Rehani Huko Marekani

Wanachama wenye watoto na ndugu waliohamia Marekani wameanza kuwauliza makatibu wao juu ya jambo ambalo halimo katika masharti ya chama chochote cha hapa kwetu. Swali lenyewe ni hili: mtu amenunua nyumba kwa mkopo, na kila mwezi hutoa fedha za bima pamoja na marejesho yake bila kukosa, kisha siku moja hupokea barua kwamba bima ya nyumba hiyo imekoma kwa kutolipiwa. Je, kosa ni la nani, na hasara ataibeba nani?

Huenda msomaji akaona kuwa mambo ya nyumba za Marekani hayalihusu gazeti la vyama vya ushirika. Lakini katika ukaguzi tumekwisha kuona maombi ya mikopo ya dharura yanayotolewa na wazazi hapa nyumbani kwa shabaha ya kuokoa nyumba ya mtoto aliye ng'ambo, na katika maombi ya namna hiyo kamati huwa haina njia ya kupima kama fedha zinazoombwa zinadaiwa kwa haki. Baadhi ya madai hayo si ya haki hata kidogo. Katibu anayeifahamu sheria ya huko kwa muhtasari aweza kumwambia mzazi asiuze ng'ombe wala kuweka shamba rehani kabla mtoto hajaandika barua moja. Kadhalika yafaa ikumbukwe ya kuwa huko nako viko vyama vya akiba na mikopo, navyo hukopesha wanachama wao fedha za kununulia nyumba. Kwa hiyo anayedaiwa kukosea aweza kuwa benki, aweza kuwa kampuni, na aweza pia kuwa ndugu yetu mwanaushirika.

Katika nchi ile mnunuzi wa nyumba aghalabu hakai na fedha za bima na za kodi ya majengo mkononi mwake. Mkopeshaji humtaka azitoe kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na marejesho ya mkopo na riba, na fedha hizo huwekwa katika hesabu ya amana ambayo wenyewe huiita eskro. Ankara ya bima ifikapo, haiendi kwa mwenye nyumba bali kwa mkopeshaji, naye huilipa kutoka katika amana hiyo. Mkopeshaji ana sababu yake. Nyumba ndiyo dhamana, nayo ikiungua bila bima dhamana imekuwa majivu. Na kodi isipolipwa, serikali ya mahali hupata haki juu ya nyumba inayoitangulia haki ya mwenye rehani. Wapo wakopaji wanaoruhusiwa kulipa bima na kodi wenyewe, lakini kwa mikopo iliyodhaminiwa na idara ya serikali iitwayo FHA, ambayo huwafaa sana watu wasio na akiba kubwa, eskro ni lazima.

Jambo la pili linalowatatiza wageni ni kwamba anayepokea fedha si lazima awe ndiye aliyekopesha. Mikopo ya nyumba huko huuzwa na kununuliwa kama magunia ya kahawa, na kazi ya kukusanya marejesho na kutunza amana hupewa kampuni nyingine kwa ujira. Hapa tutaiita kampuni hiyo mhudumu wa mkopo. Mkopaji hamchagui mhudumu wake, wala hawezi kumfukuza. Huamka akakuta barua ya kumwarifu kuwa kuanzia tarehe fulani atalipa kwa mwingine. Ni kwa sababu hiyo hasa kwamba Bunge la Marekani liliona haifai kuyaacha mambo haya katika mikono ya mikataba peke yake.

Sheria inayohusika ilitungwa mwaka 1974, na kwa kifupi huitwa RESPA. Kanuni zake zinajulikana kama Kanuni X. Baada ya mikopo mingi ya nyumba kuharibika kuanzia mwaka 2007, sheria nyingine ya mwaka 2010 ilianzisha ofisi ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iitwayo CFPB, ikakabidhiwa kanuni hizo, na masharti makali zaidi juu ya wahudumu wa mikopo yakaanza kutumika tarehe 10 Januari, 2014. Haya tutakayoyaeleza yanatokana na sheria na kanuni hizo.

Wajibu wa kulipa kwa wakati

Sharti la msingi ni fupi. Maadamu mkopaji hajachelewa marejesho yake kwa zaidi ya siku 30, mhudumu hana budi kulipa ada ya bima kutoka katika eskro kabla ya siku ya mwisho kupita. Sasa yafaa msomaji asimame kidogo juu ya kifungu kinachofuata, maana ndicho wakopaji wengi wasichokijua: hata kama amana haina fedha za kutosha, mhudumu hulazimika kutanguliza fedha zake mwenyewe, akalipa bima, ndipo baadaye amdai mkopaji kilichopungua. Neno "akaunti yako ilikuwa na upungufu" si udhuru.

Na huyu aliyechelewa zaidi ya siku 30 naye hakuachwa bila kinga. Mhudumu hawezi kuiacha bima yake ya kawaida ife kisha akamnunulia nyingine ya bei kubwa, ila tu pale anapokuwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba kampuni ya bima imeifuta au imekataa kuihuisha kwa jambo lisilo la ada, au kwamba nyumba haina mtu anayekaa ndani yake. Hapa pia upungufu wa amana haukubaliwi kuwa sababu. Wahudumu wadogo, yaani wasiozidi mikopo 5,000 ambayo wao wenyewe ndio wakopeshaji au wamiliki wake, wamepewa nafasi kidogo katika kifungu hiki iwapo bima wanayoinunua ni nafuu kuliko kuendeleza ile ya zamani. Vyama vingi vidogo vya akiba na mikopo huangukia humo. Hata hivyo hawakusamehewa wajibu wa kulipa kwa wakati, wala ule wa kujibu barua tutakaoueleza.

Ikiwa sheria iko wazi hivyo, kwa nini bima hukoma? Kwa mkaguzi wa hesabu majibu yake hayashangazi. Sababu ya kawaida ni mkopo kuhamishwa. Katika hati ya bima huandikwa jina na anwani ya mwenye rehani, ili ankara na fidia zimfikie yeye. Mkopo unapohamia kwa mhudumu mpya, jina hilo hapana budi libadilishwe. Lisipobadilishwa, kampuni ya bima hupeleka ankara kwa mhudumu wa zamani, ambaye huiweka kando kwa kuwa mkopo si wake tena. Mhudumu mpya hangoji ankara yoyote, maana hajui siku inapotakiwa kulipwa. Na mwenye nyumba hukaa kwa amani kwani kila mwezi amekatwa. Watu watatu, na kila mmoja anadhani mwenziwe analipa. Yeyote aliyepata kukagua makabidhiano ya ghala kati ya meneja anayeondoka na anayeingia ataitambua hali hiyo.

Sheria inataka mhudumu anayeondoka na anayeingia wamwarifu mkopaji kwa maandishi. Anayeondoka huandika si chini ya siku 15 kabla ya tarehe ya kuhama, na anayeingia si zaidi ya siku 15 baada yake. Wakiandika barua moja kwa pamoja, iwe siku 15 kabla. Kwa muda wa siku 60 tangu tarehe hiyo, malipo yaliyopelekwa kwa makosa kwa mhudumu wa zamani kabla ya siku yake kupita hayawezi kuhesabiwa kuwa yamechelewa. Barua hii ya uhamisho ndiyo saa ya mkopaji kuchukua simu. Asiulizie mkopo tu. Aipigie kampuni ya bima na kuuliza: jina la nani limeandikwa katika hati yangu kuwa mwenye rehani, na ankara ijayo mtaipeleka wapi?

Sababu nyingine ni mkopaji mwenyewe kubadili kampuni ya bima kwa kutafuta bei nafuu, akasahau kumwarifu mhudumu. Hapo mhudumu aweza kuendelea kulipa kampuni ya zamani, au kudhani hakuna bima kabisa. Kosa hapa si la mhudumu, lakini dawa yake ni rahisi: kumpelekea nakala ya hati mpya. Ya tatu ni kampuni ya bima kukataa kuihuisha hati kwa sababu zake, kwa mfano paa limechakaa, au nyumba iko mahali panapopatwa na moto wa misitu au tufani. Barua ya kukataa humfikia mwenye nyumba, naye akiiweka mezani bila kuisoma, asimlaumu mtu. Mwisho kabisa ni uzembe mtupu wa karani: tarakimu ya namba ya hati kugeuzwa, hundi kupelekwa kwa hati ya mtu mwingine.

Bima ya kulazimishwa

Mhudumu anapoamini kuwa nyumba haina bima, mkataba wa rehani humruhusu kununua bima mwenyewe na kumtoza mkopaji. Hii ndiyo bima ya kulazimishwa. Bei yake aghalabu ni kubwa mno kuliko ya kawaida, na kinga yake ni ndogo. Hulinda jengo kwa ajili ya mkopeshaji. Kwa kawaida haiangalii vyombo vilivyo ndani, wala madai ya mgeni aliyeteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Barua anayopelekewa mkopaji imelazimishwa na kanuni kumwambia wazi kuwa bima hiyo yaweza kuwa ghali zaidi na yenye kinga pungufu.

Palikuwa na wakati ambapo biashara hii ilinuka. Makampuni ya bima yalikuwa yakilipa kamisheni kwa kampuni zilizo ndugu na mhudumu yule yule aliyechagua bima, hivyo kadiri ada ilivyokuwa kubwa ndivyo mhudumu alivyopata zaidi, na mlipaji alikuwa mkopaji asiyeulizwa. Jimbo la New York lilifanya uchunguzi, na mwezi Machi 2013 kampuni iliyoongoza katika bima za aina hii ilikubali kulipa dola milioni 14 na kuacha kamisheni za namna hiyo katika jimbo lile. Kanuni za nchi nzima za mwaka uliofuata hazikupiga marufuku bima yenyewe, ila zinataka gharama anayotozwa mkopaji iwe ya kweli na ya kadiri.

Kabla ya kumtoza mkopaji hata senti moja ya bima ya kulazimishwa, mhudumu lazima awe na msingi wa kuamini kuwa bima haipo, kisha apeleke barua ya kwanza angalau siku 45 kabla ya kutoza. Baada ya siku 30 au zaidi tangu barua hiyo, hupeleka ya pili ya kukumbusha, na kutoka hiyo ya pili zipite siku 15. Mkopaji akileta ushahidi kuwa bima yake ilikuwa hai muda wote, hakuna kutoza. Akiuleta baada ya kuwa ametozwa, mhudumu ana siku 15 za kuifuta bima ya kulazimishwa na kurudisha fedha zote za kipindi ambacho bima mbili zilikuwa zikienda sambamba. Asiyejibu barua hizo mbili, kwa kudhani ni matangazo ya biashara, huweza kutozwa hata kwa siku zilizopita ambazo nyumba haikuwa na bima, isipokuwa sheria ya jimbo lake inakataza.

Tuchukue mfano wa hesabu ili makatibu waone jinsi mtu anavyoweza kupoteza nyumba kwa jambo linaloonekana dogo. Tuseme kijana amenunua nyumba mjini Columbus, katika jimbo la Ohio. Marejesho na riba ni dola 1,300 kwa mwezi. Kodi ya majengo ni dola 3,600 kwa mwaka, na bima ni dola 2,400. Jumla dola 6,000, yaani dola 500 kwa mwezi ziendazo katika eskro. Hulipa basi dola 1,800. Bima yake inakoma kwa uzembe wa mhudumu, na mhudumu ananunua bima ya kulazimishwa kwa dola 6,600. Fedha za bima zilizokuwamo ni dola 2,400, kwa hiyo amana inaingia katika deni la dola 4,200. Mhudumu anapopiga hesabu mpya, mahitaji ya mwaka sasa ni kodi 3,600 na bima 6,600, jumla 10,200, au dola 850 kwa mwezi. Lile deni la 4,200 likigawanywa kwa miezi 12 ni dola 350 zaidi. Kijana aliyezoea kulipa 1,800 anatakiwa kulipa 2,500, bila kuhesabu akiba ya ziada ambayo mhudumu anaruhusiwa kuishika.

Kijana hana dola 2,500. Analipa 1,800 zile zile, akisema kosa si lake. Mhudumu haruhusiwi kuzila fedha hizo, lakini aweza kuziweka kando katika hesabu ya kungojea kwa kuwa si malipo kamili, na katika daftari mwezi ule ukaandikwa haujalipwa. Baada ya kupita siku 120 za kuchelewa, sheria inaruhusu hatua za kuinadi nyumba zianze. Hapo ndipo simu hupigwa nyumbani usiku, na mzazi huja kwa katibu asubuhi.

Barua ya kuonyesha kosa

Kupiga simu kwa mhudumu si vibaya, na aliyepiga aandike tarehe, saa na jina la aliyemjibu. Lakini simu haimfungi mtu. Kinachomfunga mhudumu ni barua, na sheria imeipa barua hiyo nguvu maalumu. Iwe na jina la mkopaji, namba ya mkopo au habari nyingine ya kuutambulisha, na maelezo ya kosa linalodaiwa. Haihitaji maneno ya kisheria. Yatosha kuandika: "Mlishindwa kulipa ada ya bima ya nyumba yangu iliyotakiwa tarehe fulani, ingawa nilikuwa nimelipa marejesho yangu yote. Nataka bima yangu irudishwe, bima mliyoninunulia ifutwe, na fedha mlizonitoza zirudi." Mkopaji aambatishe taarifa za benki zinazoonyesha malipo yake, na nakala ya hati ya bima. Akitaka, katika barua hiyo hiyo aombe pia apewe maelezo ya kila fedha iliyoingia na kutoka katika eskro.

Yapo makosa mawili ambayo huifanya barua nzuri ipotee bure. La kwanza ni kuiandika katika karatasi ya kuambatishia malipo. Maandishi ya hapo hayahesabiwi kuwa barua ya kuonyesha kosa. La pili ni anwani. Mhudumu anaruhusiwa kutenga anwani maalumu ya kupokelea malalamiko, ambayo mara nyingi si ile ya kupelekea fedha, na akishaitenga na kuwaarifu wakopaji wake, barua iliyokwenda kwingine yaweza isihesabiwe. Anwani hiyo hutafutwa katika taarifa ya mkopo ya kila mwezi. Barua ipelekwe kwa rejista yenye hati ya kuthibitisha kupokelewa, na nakala ibaki. Mtu mwingine aliyeruhusiwa na mkopaji aweza kuiandika kwa niaba yake, jambo lifaalo kwa wale ambao Kiingereza chao bado ni kizito.

Mhudumu akiisha kuipokea, ana siku 5 za kazi za kukiri kuwa imefika. Katika siku 30 za kazi lazima ama alisahihishe kosa, ama achunguze na kueleza kwa maandishi kwa nini anaona hakuna kosa, akitaja kuwa mkopaji ana haki ya kuomba hati alizotegemea. Aweza kujiongezea siku 15 za kazi, lakini lazima aandike hivyo na sababu zake kabla ya zile 30 kwisha. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali hazihesabiwi. Hizi ni tofauti na zile siku 45 na 15 za bima ya kulazimishwa, ambazo ni siku za kalenda, wengi huzichanganya. Haruhusiwi kutoza ada yoyote kwa kujibu, wala kwa muda wa siku 60 kuwapelekea watunza kumbukumbu za wadeni habari mbaya juu ya malipo yanayobishaniwa. Barua isingoje mno: ikifika zaidi ya mwaka mmoja baada ya mkopo kuhamia kwa mwingine au kumalizika, mhudumu huyo halazimiki kuijibu.

Lakini barua, pamoja na nguvu zake zote, haimwondolei mkopaji wajibu wa kulipa marejesho wakati shauri linaendelea. Maoni yangu ni kwamba mwenye uwezo alipe kiasi chote kinachodaiwa, aeleze kwa maandishi kuwa hakubaliani nacho, kisha adai arudishiwe. Asiyeweza aendelee kulipa kile alichokizoea na kuhifadhi kila stakabadhi, na asikawie kumwona mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya huko. Washauri hao wako katika kila jimbo, na huduma zao ni za bure au za gharama ndogo.

Wala asiiache nyumba bila bima akingoja majibu. Jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya barua, ni kuiuliza kampuni ya bima kama itairudisha hati ikilipwa ada leo. Ikikubali, mkopaji ailipe mwenyewe kama anaweza, hata kwa kukopa, apate risiti, kisha amdai mhudumu fedha hizo. Kwa mkopo wa dharura kutoka kwa ndugu, ada ya dola 2,400 kwa hesabu ya mfano wetu ni mzigo; lakini ni mzigo wenye mwisho, na yaelekea utarudi.

Nyumba ikiungua katika kipindi kile ambacho bima imekoma, kampuni ya bima huweza kukataa kulipa. Hapo sheria ya mwaka 1974 humpa mkopaji haki ya kumshitaki mhudumu kwa kutolipa bima kwa wakati, na kudai hasara halisi aliyoipata. Na hasara halisi ya nyumba iliyoungua ni kubwa kuliko ada kwa mbali sana. Akithibitisha kuwa mhudumu ana desturi ya kuvunja masharti haya, mahakama yaweza kuongeza hadi dola 2,000. Akishinda, gharama za kesi na za wakili huwa juu ya mhudumu, na ndiyo sababu mawakili wengine hukubali kesi za watu wasio na fedha. Muda wa kufungua shitaka hilo ni miaka mitatu. Lile fungu la sheria linalohusu ukubwa wa amana, ambalo nitalitaja sasa hivi, mahakama nyingi zimeamua kuwa halimpi mtu binafsi haki ya kushitaki. Huko analalamika kwa wasimamizi. Malalamiko hupokelewa na CFPB na ofisi za majimbo zinazosimamia mabenki na bima. Ile CFPB tangu Februari 2025 imeingia katika mivutano mikubwa ya kiserikali na ya mahakama juu ya kupunguzwa kwa kazi zake, kwa hiyo mkopaji asiitegemee peke yake. Haki ya kushitaki imo katika sheria yenyewe na haingoji ofisi yoyote.

Kuhusu ukubwa wa amana: mhudumu anaruhusiwa kushika akiba ya ziada isiyozidi moja ya sita ya malipo ya mwaka. Kwa mfano wetu wa awali wa dola 6,000, akiba hiyo haizidi 1,000. Kila mwaka hupiga hesabu na kumpelekea mkopaji taarifa. Ziada ya dola 50 au zaidi hurudishwa katika siku 30 kama mkopaji hana malimbikizo. Upungufu unaofikia malipo ya eskro ya mwezi mmoja au kuuzidi hauwezi kudaiwa kwa mkupuo. Hugawanywa kwa miezi isiyopungua 12. Deni, yaani pale mhudumu alipotanguliza fedha zake, lina masharti yake tofauti na laweza kugawanywa kwa miezi michache zaidi. Mwenye nyumba anayeiweka taarifa hii ya mwaka kando ya ile ya mwaka uliotangulia, akalinganisha mstari kwa mstari, ataigundua bima ya kulazimishwa kabla haijamfikisha pabaya.

Haki hizi haziihusu nyumba iliyonunuliwa kwa biashara ya kupangisha. Mkopo wa biashara uko nje ya sheria hii. Bima ya mafuriko nayo haimo katika hati ya kawaida ya nyumba, na ununuzi wake wa kulazimishwa unaongozwa na sheria nyingine ya mwaka 1973, yenye siku zake yenyewe.

Makatibu wa vyama vyetu vinavyowakata wanachama fedha za kinga ya mikopo watakuwa wamekwisha kujiuliza swali juu ya leja zao wenyewe. Fedha hizo ziwe na ukurasa wake, zisichanganywe na mapato ya chama, na hati ya kuzipeleka kwenye kampuni ya bima ibandikwe pamoja na orodha ya majina ya waliokatwa. Mkaguzi atakayekuja ataiomba orodha hiyo kwanza.

Mkopo ukilipwa wote, mhudumu ana siku 20 za kazi za kurudisha fedha zilizobaki katika eskro. Kuanzia siku hiyo ankara za bima na za kodi hazina tena mtu wa kati. Mwenye nyumba aiandikie kampuni ya bima ili jina la mwenye rehani liondolewe katika hati, na aiarifu ofisi ya kodi anwani yake. Asipofanya hivyo, ankara zitaendelea kwenda kwa mhudumu ambaye hana tena sababu ya kuzifungua.